Mgeni Njoo, Mzazi Apone

Usigeuze uso. Umeugeuza mara nyingi mpaka shingo yako imeota bawaba. Ulikwenda kumwona mtoto mchanga, ukapewa kiti kizuri, ukasema "jamani, kafanana na baba yake kama kamtema," kisha ukanyoosha miguu. Mwanamke aliyetoka kuzaa akapita mbele yako na sinia la chai, mkono mmoja umeshika ukuta. Ulimwona. Ukatazama dari. Na chai ilipofika ukauliza kama ina sukari.

Basi kaa hapo hapo usikie habari ya fundi cherehani mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mashine.

Jina hilo alipewa kwa sifa. Asubuhi alishona, mchana alipika, jioni alifua, na katikati ya hayo akasuluhisha majirani waliogombania kamba ya kuanikia. "Yule si mtu, ni mashine," watu walisema wakitikisa vichwa kwa mapenzi. Sifa tamu kweli kweli. Mashine haiulizwi kama imechoka. Inatiwa mafuta tu, na huyu hata mafuta hakutiwa.

Mtaa umesahau uzazi wake wa kwanza. Kuna wasiosahau. Alizaa mtoto wa kike, na kesho yake nyumba ikajaa wageni, wageni wakajaa njaa, naye akaamka kuinjika chungu. Akakinyanyua. Damu ikamshuka mpaka visiginoni, akaanguka kwenye kizingiti cha jiko. Mumewe, seremala, aling'oa mlango wa chumbani, wakamlaza juu yake wakakimbia naye hospitali. Wanaume walisukumana kugombea nafasi ya kubeba! Kila mmoja alitaka kona yake ya mlango. Kubeba mtu juu ya mbao waliweza. Kwenye kubeba chungu ndipo mkono ulipokufa ganzi.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipokuja, Mashine alitaka kitu kimoja tu, na alimwambia mkunga waziwazi.

"Nataka kulala. Nikishazaa, nilale mpaka mwili uniambie amka."

"Makubwa," mkunga akasema. "Wenzako huniomba mtoto wa kiume, wewe unaniomba usingizi?"

"Wa kiume akija nitampokea nikiwa nimelala."

Mkunga huyu alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ya kengele ya shule na hamu ya kula isiyojua aibu. Alitoka zahanati ya karibu na alikuwa na kibali cha kuzalisha nyumbani, lakini alikuwa na masharti yake. La kwanza, teksi ya jirani ilale mlangoni, pua ikitazama barabara, tangi likiwa na mafuta. Jirani mwenyewe aliogopa kuliko mzazi. Kila saa alikuwa akipiga honi kidogo, eti anaijaribu. La pili, kitanda.

"Seremala, mgongo wangu umezeeka kabla yangu. Hiki kitanda kiinue kidogo."

Seremala hakuuliza kidogo ni kiasi gani. Alifanya kama afanyavyo kwa kila meza ya kazi maishani mwake: akasimama wima, akauachia mkono uning'inie, akapiga alama ya penseli pale kiganja kilipofika. Sasa, mwanamume huyo ana urefu wa nguzo ya umeme. Mkunga alipokuja kukagua, ukingo wa kitanda ulimfika kifuani.

"Seremala."

"Naam, mama."

"Hapa nitazalisha, au nitapiga randa?"

"Si ulisema kiinuke?"

"Nilisema kiinuke. Sikusema kipae!"

Ikabidi apigiliwe kigoda cha kupandia. Miguu ya kitanda ingekatwa kesho. Lakini kesho hiyo mtoto aliwahi kuamka kuliko msumeno.

Uchungu ulimkuta Mashine kwenye cherehani yake barazani, anakunja pindo la suruali ya mteja. Mteja mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi, amejifunga shuka la kuazima, maana suruali ilikuwa ndiyo hiyo moja. Uchungu ukija, Mashine aliachia pedali, akashika meza, akapumua kama anayepuliza moto. Ukipita, sindano ikaendelea tak-tak-tak.

"Fundi, acha tu," mteja akasema huku jasho likimtoka kuliko mwenye uchungu. "Nitaivaa hivyo hivyo."

"Uende na guu moja refu na jingine fupi, watu waulize nani kashona? Kaa chini."

Mkunga akatokea na begi lake. "Wewe! Toka kwenye cherehani!"

"Namalizia pindo."

"Na mwenzio humo ndani anamalizia lake. Tuone nani atawahi."

Pindo liliwahi, kwa uzi mmoja tu. Mteja akanyakua suruali yake, akatoweka bila hata kuivaa.

Ndani, maji yalikuwa yamechemka, mkasi umechemshwa, shuka la nailoni limetandikwa. Na pale ndipo kosa la seremala lilipogeuka baraka, maana Mashine hakutaka kulala hata kidogo wakati wa uchungu. Alisimama, akalaza mikono na kichwa juu ya kile kitanda kirefu kama mtu anayeegemea kaunta ya duka, akawa anayumbisha nyonga. Mkunga akamkanda kiuno, na kila baada ya muda akainama kumsikiliza mtoto kwa kifaa chake, kitarumbeta kidogo cha mbao.

"Anasemaje?" seremala aliuliza kutoka mlangoni.

"Anauliza kwa nini babake amesimama bure. Lete maji."

Mchana ulipopinda, Mashine akapiga magoti juu ya mkeka, akang'ang'ania mguu wa kitanda, akatukana ukoo wa mumewe mmoja baada ya mwingine, na kabla hajafika kwa mashangazi mtoto akatoka. Wa kike. Akalia kama aliyeonewa. Kondo la nyuma likafuata, zima, mkunga akaligeuza-geuza mpaka akaridhika, kisha akakanda tumbo la mzazi mpaka mji wa mimba ukakaza kama ngumi.

"Umechanika kidogo. Nitakutia mshono."

"Uzi gani?"

"Fundi, tulia."

"Nauliza uzi gani. Na usiuvute sana, kitambaa kitajikunja."

"Eh! Tangu nianze kazi hii," mkunga akasema huku akivaa glavu mpya, "sijashona kitambaa kinachonifundisha kazi."

Seremala akamnyanyua mkewe akampandisha kitandani. Akawa huko juu na mtoto wake titini, anatazama chumba kama abiria wa ghorofani. Mkunga alitoa amri akiwa amemkazia macho mume: mzazi ashuke kwa kwenda chooni tu, tena kwa kushikwa mkono. Asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto. Damu ikilowesha kitambaa upesi upesi, mkunga apigiwe simu na teksi iwashwe. Yeye mwenyewe atapita asubuhi na jioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Na alisikia kweli. Kesho yake alikuwa jikoni tangu alfajiri, amejifunga taulo kiunoni, anakoroga uji wa mkewe kama anayekoroga gundi. Mkunga alipita asubuhi, akaonja, akasema uji huo unaweza kuunganisha kabati, lakini utashibisha. Akaenda zake zahanati. Nyuma yake tu wageni wakaanza kumiminika.

Alikuja mama mkwe. Alikuja wifi. Wakaja majirani wanne au watano wenye vitambaa vichwani na hadithi midomoni. Hata yule mteja wa suruali alikuja, kavaa pindo lake jipya, akatafuta pa kukaa akakosa, akakalia kigoda cha kupandia kitandani.

Sasa tazama kwa makini jinsi mtu anavyouawa bila kuguswa. Wifi alichungulia jikoni akamkuta kaka yake na mwiko.

"Kaka! Aibu gani hii? Toka jikoni, wanawake tumefika."

Seremala alifurahi kama mfungwa aliyefunguliwa. Akampa dada mwiko, akakimbilia karakana yake nyuma ya nyumba. Wifi akaulaza mwiko juu ya kifuniko cha sufuria, akajifuta mikono, akaenda kukaa na wenzake. Wanawake walikuwa wamefika kweli. Uji ukabaki na mungu wake.

Mazungumzo yakanoga. Mtoto alipita mikono hii na ile. Pua ya nani, masikio ya nani. Baadaye koo zikaanza kukauka, na mama mkwe akakohoa. Si kikohozi cha ugonjwa. Kila mwanamke aliyeolewa anakijua kikohozi kile. Ni kikohozi cha chai.

"Sisi," mama mkwe alisema akitazama dirishani, "tulizaa asubuhi, jioni tuko shamba na jembe."

"Enzi hizo kulikuwa na wanawake," jirani akaitikia.

"Na wageni hawakukaa midomo mikavu."

Huko juu kitandani Mashine alisikia kila neno. Mwili ulisema lala. Lakini si mwili uliolelewa. Aliyelelewa ni yeye, na alilelewa kuona haya. Kisha harufu ikaingia, harufu ya uji unaoshika chini. Kila pua chumbani iliinusa. Na kila uso, usibishe, ukageuka ukamtazama yeye.

"Wifi," wifi akasema kwa upole, "naona kama kuna kitu kinaungua huko."

Alikuwa amekaa hatua chache kutoka jikoni. Miguu yote miwili mizima.

Mashine akamweka mtoto katikati ya kitanda, akamzungushia mito. Akageuka kifudifudi, akateremsha mguu kukitafuta kigoda. Kigoda kilikuwa chini ya mteja, na mteja alikuwa katikati ya hadithi ya shemeji yake na mbuzi. Mguu ukatafuta, ukatafuta, ukakosa, na Mashine akateleza kutoka kule juu akatua sakafuni kwa kishindo.

"Pole!" wakasema wote kwa pamoja. Hakuna aliyeinuka. Waliinua nyusi.

Akaenda jikoni ameshika ukuta. Akainua sufuria, nzito, imejaa, akaitua chini. Hapo akausikia ule ujoto ukimteremka mguuni, akautambua papo hapo, kama unavyoitambua sauti ya mtu aliyewahi kukupiga.

"Jamani," akaita.

Chumbani walikuwa wanamcheka mbuzi.

"Jamani!"

Kama mkunga angepitia mlango wa mbele, akasalimiana na kila mtu kama desturi, hadithi hii ingekuwa fupi na wewe ungekwenda kuzika, ukakaa kiti kizuri huko pia. Lakini mkunga alishikwa na njaa kabla ya jioni, akarudi mapema. Akiwa na njaa hupitia mlango wa jikoni.

Hakusema pole. Alitupa begi, akamlaza Mashine pale pale sakafuni, akaweka mkono tumboni akakuta mji wa mimba umelegea kama unga uliozidi maji. Akaukanda kwa nguvu zake zote, huku ile sauti ya kengele ikipasua nyumba: "Teksi! Washa! Wewe, niletee mtoto! Wewe, begi, chupa ya sindano!" Akamchoma pajani, akamweka mtoto titini, akakanda tena. Madonge ya damu yakatoka. Mashine alitazama dari la jiko lenye masizi na kumwambia mtoto mambo ambayo hayakumhusu mtu mwingine. Nje injini ya teksi ilinguruma, honi ikilia yenyewe kwa woga wa dereva.

Mji wa mimba ukakaza. Damu ikapungua, ikawa ya kawaida. Mkunga akapima presha, akashika mshipa wa mkono, akangoja, akapima tena.

"Tumbo limekaza," akasema mwishowe. "Lakini teksi isizimwe mpaka mimi niseme."

Seremala alikuja mbio na vumbi la mbao nyweleni. Akaona sakafu. "Nilidhani wanawake wamefika," akasema.

"Walifika," mkunga akasema. "Mnyanyue mkeo."

Mzazi aliporudishwa kitandani, mkunga akafunga mlango wa chumba kwa ufunguo, akautia kifuani. Akamfurusha mteja kutoka kwenye kigoda, akakipanda. Akawa mrefu kuliko wote.

"Nani amekunywa chai?"

"Bado," jirani mmoja akajibu kwa matumaini.

"Vizuri. Na hamtakunywa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni mmekuja. Mwenyeji amepona?"

Jirani mmoja akajifunga upya kitambaa chake cha kichwa.

"Wakasema tena, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sina subira ya wahenga. Jembe ni leo."

Mama mkwe akajiweka sawa. "Mwanangu, punguza ukali. Mimi nimezaa watoto wengi na wote nililima nao siku hiyo hiyo. Nami niko hai, unaniona."

"Nakuona, mama. Na unapocheka?"

"Napocheka nini?"

"Ukicheka. Ukikohoa. Ukipiga chafya. Inakuwaje?"

Mama mkwe akamtazama mteja wa suruali. Mteja akajifanya ukuta. Mama mkwe akamtazama mwanawe. Mwanawe akaziba masikio kwa viganja. Basi, akiwa mtu mkweli, akasema kwa sauti ya chini:

"Nikicheka... natembea na kitambaa."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Wifi alijipiga mapaja, jirani akamwangukia jirani. Na ghafla kicheko kikakatika, kama kilichokatwa na mkasi, kwa sababu kila mwanamke mle ndani alikuwa amekaza magoti. Wifi alikuwa wa kwanza kukunja nne. Wakatazamana. Hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyehitaji kujibiwa.

Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa ile jioni shambani. Kumbe enzi hizo kulikuwa na wanawake, na walikuwa wanavuja.

"Nilidhani ni uzee," mama mkwe akasema.

"Ilianza lini?"

"Baada ya huyu mrefu. Niliamka kuwapikia watu."

"Na aliyekuwa amekaa kwenye kiti ni nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Akifanya nini?"

"Akikohoa," akasema.

Akainuka. Hakungoja kuambiwa. "Mwiko uko wapi?" Na alipofika kwa wifi, binti yake wa kumzaa, akamfinya sikio: "Wewe uliyefika, nepi zile pale."

Mkunga akafungua mlango, kila mtu akapata lake. Mmoja alisugua sakafu ya jiko, na hakuna aliyeona haja ya kusema anasugua nini. Mmoja alikamua mashuka, mwingine akasugua sufuria iliyoungua. Mteja akainua kidole.

"Na mimi mwanamume?"

"Suruali si umeshonewa? Chota maji."

Akalikunja lile pindo zuri mpaka magotini, akachukua ndoo.

"Na mimi," seremala akasema akimtazama mkewe kama mtu anayeomba kuishi, "nikate hii miguu ya kitanda. Sasa hivi."

Mashine akazungumza kwa mara ya kwanza tangu arudishwe kitandani. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake. "Usikiguse. Kutoka huku juu namwona kila aliyekaa."

Usidhani kulala kulikuwa rahisi. Mtu aliyefundishwa kazi hulala kwa jasho. Alisikia sahani zikigongana jikoni, akainua shingo: "Ile kubwa ina ufa, isi—"

"Macho," mkunga akasema.

"Sabuni iko nyuma ya—"

"Funga macho, Fundi. Sabuni itajileta."

Sabuni haikujileta. Wifi aliitafuta nyumba nzima, akaipata. Hakuna aliyekufa kwa kutafuta sabuni. Na Mashine, mtoto amemlalia kifuani, alisikia maji yakimwagwa, fagio likipita, mtu akicheka kisha akijizuia haraka. Alisikia teksi ikizimwa. Baada ya hapo hakusikia kitu, kwa sababu alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma kama cherehani isiyo na kitambaa.

Alilala hivyo siku baada ya siku. Mama mkwe alihamia jikoni, akamwita mwanawe amfundishe tena kukoroga uji, safari hii bila kuunganisha makabati. Damu ilififia, ikakoma kwa wakati wake. Mshono ulipona. Mashine mwenyewe ndiye aliyetoa hukumu: "Mkono wako si mbaya, mama. Ila pindo, njoo nikufundishe." Mkunga naye aliwaketisha wanawake wa mtaa kwenye benchi la barazani, akawafundisha kukaza na kuachia huko chini, kama mtu anayezuia mkojo kisha anauruhusu kwa ridhaa yake. Ukipita pale utawaona wamekaa kimya, nyuso nzito, macho mbele. Huwezi kujua nani anasali na nani anakaza. Na waliokuwa na tabu kubwa, mama mkwe akiwa mbele, aliwapeleka zahanati mwenyewe, mguu kwa mguu.

Huo ni mtaa mmoja. Wa kwako je? Hapo karibu na wewe kuna kamba imeanikwa nepi mpya, na unaijua nyumba yenyewe. Ndani yake kuna mtu amezaa juzi na sasa hivi ameinamia beseni. Usimtumie salamu. Usimtumie picha ya maua kwenye simu. Usingoje Jumapili, na usiulize "nisaidie nini?" kwa sababu atasema "hapana, kaa tu," na wewe utakaa. Inuka. Vaa viatu. Bisha hodi kwa mlango wa jikoni, mwondoe mikono kwenye hilo beseni, mwambie akalale, nawe ufue mpaka kamba ikose nafasi. Mtoto utamwona baadaye. Nenda sasa.